Nilivyojifunza kubadilisha mipira ya petroli kwenye pikipiki ya injekta

Harufu ndiyo iliyoanza. Asubuhi nikifungua mlango wa chumba ninamoegesha pikipiki, petroli inanipokea kabla sijawasha taa. Haikuwa kali. Ilikuwa harufu nyepesi, ile ambayo ukisimama nayo dakika moja pua inaizoea, unadhani imekwisha. Nikapiga magoti nikatazama sakafu: kavu. Nikapapasa chini ya tangi: kavu. Nikajiambia labda ni kifuniko cha tangi kinachopumua, nikaendelea na safari zangu kwa karibu wiki 3.

Leo najua kwa nini sakafu ilikuwa kavu. Ufa ulikuwa mdogo, na petroli ilikuwa inatoka injini ikiwa inafanya kazi. Ilikuwa inaangukia kwenye chuma chenye moto na kupaa palepale. Nikizima, presha inabaki ndani ya mpira kwa muda, kidogo kinaendelea kujipenyeza, kinakauka usiku. Kinachobaki asubuhi ni harufu tu. Kwa hiyo sakafu kavu haikuwa ushahidi wa chochote, na kwa wiki 3 nilikuwa naendesha huku petroli ikinyunyizwa karibu na silensa, mapaja yangu yakiwa juu yake.

Siku niliyoamua kutafuta chanzo, nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka barabarani. Nikafungua kiti, nikainua tangi upande wa nyuma na kuliegemeza kwa kipande cha mbao, nikatundika taa ya globu kwenye usukani ili nione vizuri. Nikawasha swichi bila kupiga starta. Pampu ikanguruma kwa sekunde 2 au 3 kama kawaida yake, ikijaza presha. Hapo nikaiona: kwenye mpira, pale unapoishia ukanda wa klipu inayoubana, palikuwa na uzi wa petroli mwembamba kuliko unywele, ukitoka kimshazari na kusambaa kuwa ukungu. Ulionekana tu kwa sababu mwanga wa taa uliupiga kwa ubavu.

Nilizima swichi. Kisha nikachukua bisibisi na kulegeza klipu.

Sikujua kwamba kuzima swichi hakutoi presha. Mpira ulichomoka kabla sijamaliza kulegeza, petroli ikanipiga shavuni na kwenye jicho la kushoto, nyingine ikamwagika juu ya injini iliyokuwa bado ina joto la safari. Ile taa ya globu ilikuwa mkono mmoja kutoka pale. Globu ya namna ile huwa ya moto kiasi cha kuunguza kidole, na tone moja la petroli baridi linatosha kupasua kioo na kuacha uzi unaowaka ukiwa wazi katikati ya mvuke. Tone halikufika. Sina maelezo mengine zaidi ya hayo. Nilitoka nje nikipapasa ukuta, nikaosha jicho kwa maji yanayotiririka kwa robo saa nzima, na jicho lilipona. Nguo niliyovaa niliivua hapohapo.

Mpira ule niliuweka mimi mwenyewe miaka 2 kasoro kabla ya hapo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wa awali ulikuwa umekakamaa, nikanunua mwingine wa unene uleule, tundu lilelile, rangi nyeusi ileile. Muuzaji aliniambia ni mpira wa petroli, na kweli ulikuwa wa petroli. Tatizo ni kwamba ulikuwa wa kabureta, na pikipiki yangu ni ya injekta.

Fundi niliyempelekea vipande vile ndiye aliyenieleza, na alinieleza kwa mkono wake kuliko kwa mdomo. Alichukua mpira wangu akaukunja kati ya vidole viwili: ukafunguka mistari midogo midogo mgongoni, kama tope lililokauka. Akaupasua kwa urefu kwa wembe, akanionyesha ndani. Utando wa ndani ulikuwa umeanza kuachana na nyuzi zinazouimarisha, na mahali klipu ilipobana palikuwa na alama za meno: vile vitundu vya ukanda wa klipu vilikuwa vimeingia kwenye mpira na kuukata kidogo kidogo kila injini ilipotetemeka. Ufa ulianzia hapo.

Kwenye pikipiki ya kabureta, petroli hushuka yenyewe kutoka tangini. Hata tangi likiwa nusu mita juu ya kabureta, uzito wa petroli hautoi hata kilopaskali 5 za presha. Kwenye injekta, yaani kile kifaa kinachonyunyiza petroli kuingia kwenye injini, pampu inasukuma, na kwenye pikipiki nyingi presha hiyo ni karibu kilopaskali 300, yaani kama paundi 43 kwa inchi ya mraba. Ni zaidi ya mara 60. Mpira ambao kwa kabureta ungedumu miaka, kwa injekta unafanya kazi ambayo haukutengenezewa, na mahali petroli inapotoka siyo tone tena, ni mnyunyizo.

Tangu siku hiyo sinunui mpira kwa kuutazama. Nasoma maandishi yaliyochapwa ubavuni. Mipira inayofuata viwango vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, huandikwa: 30R7 ni ya kabureta na mifereji ya presha ndogo, 30R9 ni ya injekta, ndani ina utando wa mpira wa aina nyingine unaostahimili petroli ya sasa, hata ile yenye mchanganyiko wa ethanoli, na huhimili paundi 100 kwa inchi ya mraba. Kipande kisicho na maandishi yoyote sikiweki kwenye upande wa presha, hata nikiambiwa ni kizuri namna gani. Hata mpira wa kurudishia petroli tangini, ambao presha yake ni ndogo, naweka wa daraja lilelile, kwa sababu siku moja mtu mwingine atafungua pikipiki hii na hatajua upi ni upi.

Na kipenyo cha ndani nakipima, sikikisii. Mpira wa milimita 8 kwenye kibomba cha milimita 6 unaweza kubanwa mpaka uache kuvuja leo, lakini klipu inaukunja, na kwenye mkunjo ndipo petroli itakapopita kesho. Mdogo mno nao unalazimishwa, utando wa ndani unakwanguka.

Sasa kazi yenyewe. Naieleza kama ninavyoifanya, na sehemu ya presha naikalia zaidi kwa sababu ndiyo iliyonigharimu.

Naanza injini ikiwa baridi kabisa, nikiwa nimeiacha usiku kucha ikiwezekana. Naitoa pikipiki nje, kivulini, penye upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai ukapotea kama moshi, hushuka ukatambaa sakafuni kama maji, ukatafuta mahali penye bonde. Unaweza kuwaka kutokana na jiko, friji au hita iliyoko chumba cha pili, na wewe uko mbali unashika spana. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna msimu wa kujisahau. Simu naiacha mbali, na taa ni tochi ya LED isiyopata joto. Kizimamoto cha poda kavu nakiweka upande ninaokusudia kukimbilia, wala sikiweki kando ya pikipiki, maana moto ukilipuka hutataka kuuinamia ili ukipate. Maji hayafai hapa: petroli huelea juu yake na moto husafiri nayo.

Kutoa presha kuna njia yake. Nachomoa plagi ya umeme ya pampu. Wengine huchomoa fyuzi ya pampu, lakini kwenye baadhi ya pikipiki fyuzi hiyo hulisha pia kompyuta ya injini, na bila kompyuta injini haiwaki, hivyo presha haitoki. Plagi ikishatoka, nawasha injini. Inanguruma sekunde chache kwa petroli iliyobaki kwenye mpira na kwenye reli ya injekta, yaani kibomba kinacholisha injekta, inaanza kukohoa, inazima. Napiga starta tena sekunde 2 au 3 kumalizia. Kisha nazima swichi, na hapo ndipo nafungua betri, nikianza na waya wa hasi. Ukifungua betri kwanza huwezi tena kuiwasha injini, na presha inabaki palepale. Mara ya kwanza nilipojaribu peke yangu nilitaka kuanza na betri kwa kudhani ndio usalama, nikakumbuka nikiwa nimeshashika spana.

Hata baada ya hapo nafanya kana kwamba presha ipo. Miwani ya kazi usoni, glavu za nitraili mikononi, kitambaa kinene kimezungushwa kwenye kiungo kabla sijakifungua. Nalegeza polepole na kusubiri. Daima kuna kijiko kimoja au viwili vya petroli vinavyotoka, vinaishia kwenye kitambaa. Tangi likiwa limejaa naipunguza petroli kwanza, kwa pampu ya mkono, ndani ya dumu linaloruhusiwa kubebea petroli, likiwa limekaa chini ardhini. Sinyonyi kwa mdomo. Petroli ikiteleza kuelekea mapafuni, hata kiasi kidogo, inaleta ugonjwa wa kulazwa.

Kabla ya kuchomoa chochote napiga picha kwa simu kutoka pande zote, nikiwa bado mbali na petroli, kisha nafunga vipande vya tepu vyenye namba kwenye kila mpira. Chini ya tangi kuna mipira inayofanana: wa presha, wa kurudi kama upo, wa kupumulia na wa kutolea maji ya mvua yanayoingia pembeni ya kifuniko. Nimewahi kukutana na pikipiki iliyokuwa inazima kila baada ya kilomita kadhaa, kumbe mpira wa kupumulia ulikuwa umekunjwa chini ya tangi na mtu aliyefanya kazi kwa haraka. Petroli ilikuwa inavutwa, hewa haiingii, tangi likawa linanyonya kinyume na pampu.

Mpira mzee haukubali kutoka. Hushikana na kibomba kana kwamba umepikwa nacho, na hamu ya kwanza ni kuubana kwa plaisi na kuuzungusha. Kibomba kikiwa cha chuma unaweza ukanusurika. Kikiwa cha plastiki, kama kilivyo kwenye pampu nyingi, kinakatika, na sasa umenunua pampu. Mimi naupasua mpira kwa urefu kwa wembe, ncha ya wembe ikiwa imelala, sikati hadi chini. Nafungua kama ganda. Mchubuko mmoja wa urefu kwenye kibomba unakuwa mfereji wa petroli chini ya mpira mpya, na hakuna klipu itakayouziba.

Viungo vya plastiki vya kubonyeza na kuchomoa navyo vina umri. Kimoja kilinivunjikia mkononi kwa kushikwa tu. Kilikuwa kimebadilika rangi na kuwa kama mfupa. Mtu aliyekuwa ananisaidia alitaka tukigundishe kwa gundi kali tumalize siku. Nilikataa na pikipiki ikakaa siku 4 bila kutembea hadi nilipopata cha chuma. Gundi juu ya plastiki iliyochoka, ikiloweshwa petroli na kutikiswa juu ya injini yenye moto, sitaiweka chini ya mtu yeyote. Ndani ya viungo hivyo kuna oringi, zile pete za mpira za kuzuia kuvuja. Nazibadilisha kila nikifungua, kwa zile zinazostahimili petroli, na nazilainisha kwa tone la oili safi ili zisikatwe wakati wa kuingia.

Mpira mpya naukata kwa wembe mpya, mkato mmoja ulionyooka. Msumeno unaacha unga wa mpira ndani, na unga huo safari yake inaishia kwenye injekta, ambayo tundu zake ni ndogo kuliko ncha ya sindano. Nikishakata napuliza ndani na kutazama kwa kuuelekeza kwenye mwanga. Klipu naziingiza kwanza, kisha nausukuma mpira mpaka upite kile kivimbe kilicho kwenye kibomba na kufika mwisho. Klipu inakaa nyuma ya kivimbe, na upande wa pili ibaki kama milimita 3 kutoka ukingoni mwa mpira. Ukiibana juu ya kivimbe chenyewe, inakata. Ukiibana ukingoni, inateleza. Na klipu zenyewe ni zile za injekta, ukanda wake laini ndani na kingo zimekunjwa kwenda nje. Zinabana mpira mduara mzima kwa usawa. Nakaza kwa bisibisi ndogo, mpira unabonyea kidogo bila kuchomoza pande za ukanda. Ukiona umechomoza kama tumbo juu ya mkanda, umezidisha.

Halafu njia ya kupita. Mpira mpya ni mgumu kuliko unavyodhani, na tangi likishuka linaweza kuukunja mahali usipoona. Nashusha tangi polepole mkono mmoja ukiwa chini yake, nahisi. Nageuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Hakuna mahali mpira unagusa silensa wala kusugua kona ya fremu.

Ndani ya tangi kuna jambo jingine, na hili nililijua kwa pikipiki ya shemeji yangu. Ilikuwa inawaka vizuri, inatembea vizuri, lakini akiongeza mafuta kupanda mlima inalegea kama inayokosa petroli. Hakukuwa na harufu, wala tone. Alishabadilisha plagi ya cheche na filta ya hewa. Tulipoitoa pampu tangini tukaukuta mpira mfupi unaounganisha pampu na filta umevimba, umelainika kama kamba iliyolowa, na umepasuka ubavuni. Petroli ilikuwa inatoka kwenye pampu na kurudi tangini palepale, ndiyo maana nje hapakuonekana kitu. Filta ilikuwa imejaa chembe nyeusi za mpira ule ule.

Aliyeuweka alikuwa ametumia mpira wa injekta, na alifikiri amefanya sawa. Lakini mpira wa 30R9 umetengenezwa ili petroli iwe ndani. Ganda lake la nje halikutengenezwa kuogelea. Unaozama tangini ni 30R10, unaostahimili petroli ndani na nje. Kipande chenyewe hakifiki urefu wa kiganja, na huuzwa ghali kuliko ile mingine, hivyo watu wengi hukiruka. Shemeji alikishika kile kilichooza, akakigeuzageuza, akaniuliza, "Hiki ndicho kilichotaka kuniangusha katikati ya magari?" Ndicho.

Kazi ikishamalizika sirudishi kiti wala siwashi injini. Narudisha plagi ya pampu na betri, nawasha swichi, nasikiliza pampu ikijaza sekunde zake na kunyamaza, nazima. Nafanya hivyo mara 4 au 5. Kila mara nazungushia kipande cha karatasi laini kavu kwenye kila kiungo na kukitazama. Jicho linadanganywa na mng'ao wa mpira mpya, karatasi haidanganywi: tone dogo kama kichwa cha pini linaacha duara. Kukiwa na duara, presha inatolewa upya tangu mwanzo. Sijawahi tena kukaza klipu iliyo na presha, hata ikiwa inaomba robo mzunguko tu.

Kukiwa kukavu nawasha injini, naiacha ipate moto, napitisha karatasi tena. Kisha mzunguko mfupi karibu, narudi, napitisha tena injini ikiwa ya moto, kwa sababu klipu hukaa vingine vitu vikishapanuka. Vitambaa vilivyolowa petroli sivifungi kwenye mfuko. Navitandaza nje mpaka vikauke. Na usiku huo pikipiki inalala nje.

Baadhi ya vitabu vya watengenezaji wa pikipiki vinasema mipira ya petroli ibadilishwe kila baada ya miaka 4 hata kama haina dosari. Zamani nilidhani hiyo ni njia ya kuuza vipuri. Sasa nina kipande cha tepu kwenye fremu chini ya kiti, kimeandikwa mwezi na mwaka niliobadilisha. Mipira iliyopo ina miaka 3. Juzi niliinua tangi, nikaikunja kidogo kwa vidole: laini, haina mstari. Mwakani itatoka hivyohivyo, na mipya tayari ninayo kwenye boksi, maandishi yake yanasomeka.